Kodi ya Miezi Sita kwa Mgeni
Inanikera sana kuona wenye nyumba wengi hapa Arusha wakimdai mgeni kodi ya miezi sita, au hata ya mwaka mzima, kabla ya kumkabidhi ufunguo. Majirani zangu, wazazi vijana waliohamia kutoka Burundi wakiwa na mtoto mchanga, walilipa fedha hizo zote, pamoja na kodi ya mwezi mmoja kwa dalali, wakabaki bila hela ya godoro wala jiko la gesi. Na huu ndio mji wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Soko lake la Pamoja, linalolenga kuwarahisishia watu wa nchi wanachama kama Burundi kuhamia na kufanya kazi nchi jirani, lilianza mwaka 2010! Anayelipwa mshahara kila mwezi aruhusiwe kulipa kodi kila mwezi.