Baba Mkwe na Keki ya Watu

Kila tuliyemwuliza njia mjini Puebla, nchini Meksiko, alituambia kwamba asiyekula mchuzi wao wa mole katika mji ule ni sawa na asiyefika. Kwa hiyo mchana wa Jumapili moja ya Agosti, mke wangu nami tulimpeleka baba yake, aliyekuwa amekuja kututembelea Houston kutoka Tanga, katika mgahawa mmoja mkongwe ulio ndani ya nyumba ya enzi za ukoloni wa Wahispania, yenye ua wa ndani, nguzo za mawe na kuta zilizopambwa kwa vile vigae vya Talavera vilivyoupa mji huo umaarufu. Mzee alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, koti juu yake, na kofia ya viua. Alivitazama vigae kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba nyumba kama ile ingekuwa Pangani, ingekwisha kuanguka zamani.

Ulikuwa msimu wa chiles en nogada, yaani pilipili kubwa ya kijani inayojazwa nyama ya kusaga iliyochanganywa na matunda, ikamwagiwa mchuzi mweupe wa jozi na kunyunyiziwa punje za komamanga, hata sahani ikawa na rangi tatu za bendera yao. Husimuliwa kwamba watawa wa mji huo ndio waliomwandalia jemadari Agustín de Iturbide chakula hicho mwaka 1821, alipopita hapo baada ya kutia saini mkataba wa Córdoba, wa uhuru wa nchi hiyo. Mzee aliyasikiliza yote hayo kwa hamu mpaka mhudumu alipotaja kwamba katika ile nyama mna na nguruwe, na hapo akaisukuma orodha ya vyakula kwa ncha ya kidole. Tukamwagizia mole juu ya bata mzinga. Mchuzi huo mzito, mweusi unaoelekea wekundu, hupikwa kwa pilipili kavu za aina kadhaa, ufuta, lozi, zabibu kavu, mdalasini, karafuu na chokoleti kidogo. Mzee alionja, akanyamaza, akaonja tena, akatoa hukumu kwamba aliyeubuni alipata kupita Unguja.

Meza ya jirani ilikuwa ndefu, imejaa ukoo mzima, na kichwani pake aliketi babu mmoja wa rika la baba mkwe. Babu huyo aliinuka kwenda msalani. Ndipo waliposhuka ngazini wapiga mariachi, wenye fidla, tarumbeta na lile gitaa nene la besi, wakaangaza macho ukumbini wakimtafuta mzee mwenye siku yake ya kuzaliwa, wakaona kiti kitupu upande ule, na upande huu mzee wa heshima aliyevaa kuliko watu wote mle ndani. Hawakuuliza. Walituzunguka, wakampachika sombrero juu ya kofia ya viua, wakaanza kuimba.

Mke wangu alijaribu kueleza, lakini ni nani angemsikia penye tarumbeta? Isitoshe, baba yake alikuwa amekwisha kuinuka. Mtu wa Tanga hasikii fidla akabaki ameketi. Aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kulia na kushoto, akaniambia kwa sauti ya kuridhika, “Mwanangu, hawa watu wanajua kupokea wageni.” Ukumbi mzima ukapiga makofi, na ule ukoo wa jirani ukapiga zaidi, kwa kuwa wao ndio walioona kichekesho chenyewe.

Keki ikaletwa, ya maziwa ya aina tatu, iliyolowa mpaka inatetemeka kwenye sinia, na juu yake malai yaliyopandana. Kwa desturi yao, mwenye siku yake huuma keki bila kutumia mikono, na aliye karibu naye humsukuma kisogo. Watu wakaanza kupaza sauti wakidai aume, huku mkuu wa bendi akinionyesha mimi kwa upinde wa fidla. Mimi? Nimshike baba mkwe kisogo, mtu ambaye hata kumtazama usoni napima? Nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagusa vigae. Walidhani naona haya tu, na mama mmoja mnene wa meza ya jirani, mwenye huruma na mikono yenye nguvu, akanisaidia kazi hiyo.

Mzee aliinua uso. Ndevu zake, ambazo ni nyeupe kwa asili, zilikuwa zimeongezeka, na maziwa yalidondoka kutoka kidevuni hadi kwenye koti. Wakati huohuo babu mwenye keki alikuwa amerudi kutoka msalani, amesimama mlangoni anasikiliza nyimbo za kuzaliwa kwake. Baba mkwe alilamba mdomo, akasema keki ni nzuri ila sukari imezidi.

Yule babu, Mungu ampe umri, alicheka mpaka akashikiliwa. Meza zikaunganishwa, wazee wawili wakala keki kutoka sahani moja bila kuelewana hata neno, na ukoo ule ukawalipa wanamuziki kwa kazi waliyoagiza. Walipoaga, nilidhani na sisi tunaondoka. Lakini Mzee alikuwa ameonja muziki, akaniagiza niwaambie waendelee. Mariachi hulipwa kwa kila wimbo, na mkwe hana kauli ya kumwambia baba mkwe kwamba furaha yake inagharimu pesa. Wakapiga. Akaomba mwingine, ule wenye fidla nyingi. Kila wimbo ulipokwisha, mkuu wa bendi alinikonyeza, nami nikampenyezea noti chini ya meza ili Mzee asione nikamharibia starehe.

Ndani ya teksi alinyamaza kwa muda, kisha akageuka nyuma nilikoketi.

“Mwanangu, usinielewe vibaya. Lakini kwetu, watu wakiimba kiasi kile, mwanamume huinuka akatuza. Wewe hukutoa hata senti.”

Mke wangu aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika.

“Naam, baba,” nilisema.