Akili mnemba, roho na nani wa kuulizwa

Mabishano kuhusu akili mnemba huharibika mapema kwa sababu maswali matatu hutiwa kapu moja. Je, inajitambua? Je, inaweza kubuni kitu kipya? Je, inajua jema na baya? Mtu akipata jibu la moja, anadhani amemaliza yote. Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Dodoma mjini utamsikia kijana wa chuo akisoma kwenye simu beti alizotungiwa na ChatGPT, na mzee pembeni akimkatiza: "Mjukuu wangu, hicho kitu hakina roho." Kijana naye: "Babu, mbona kinatunga kukuzidi?" Kila mmoja ana hoja, ila hawajibizani.

Hoja ya mzee ina historia ndefu. Mwanahisabati wa Uingereza, Alan Turing, aliijibu mwaka 1950 katika makala yake kuhusu mashine na akili. Hakubisha kwamba roho ipo. Aliuliza tu: Mungu akitaka kumpa tembo roho, nani wa kumzuia? Na kama hazuiliki kwa tembo, kwa mashine anazuiwa na nini? Ni jibu la nusu utani, lakini wenye imani wanapaswa kulitafakari. Turing alikuwa na hoja nyingine ninayoiona nzito zaidi. Hata binadamu mwenzako hujawahi kuingia kichwani mwake. Unamwona anacheka, anaugulia, anajibu, basi unakubali kwamba naye anahisi kama wewe. Kwa nini mashine inayojibu vilevile idaiwe ushahidi zaidi?

Kwa maoni yangu, ni kwa sababu sisi hudanganyika kwa maneno upesi mno. Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu iliyoitwa ELIZA. Kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza sentensi ya mtu kuwa swali na kumrudishia. Katibu muhtasi wa Weizenbaum, aliyekuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alimwomba bosi wake atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu ya LaMDA inajitambua, maana ilimwambia inaogopa kuzimwa. Kampuni ikakanusha, na baadaye ikamfukuza kazi. Lakini programu kama LaMDA zimefundishwa kwa maandishi ya watu, na watu tumeandika sana kuhusu kuogopa kufa. Ikiulizwa kuhusu kuzimwa, ingejibu nini kingine? Mwenzangu akilia, najua ana mwili unaouma kama wangu. Kwa mashine sina pa kushika. Siamini kwamba programu za leo zinajitambua. Wala sijaona kipimo cha kuthibitisha kwamba haitatokea kamwe, na anayeapa upande wowote ameutangulia ushahidi.

Kwenye ubunifu, kijana ana nguvu zaidi kuliko wazee wanavyopenda kukiri. Machi 2016, jijini Seoul, programu ya AlphaGo ilicheza go, mchezo wa kete nyeusi na nyeupe wenye asili ya China, dhidi ya bingwa Lee Sedol. Katika mchezo wa pili, hatua ya 37, iliweka kete mahali ambapo wataalamu walidhani imekosea. Kwa makadirio ya programu yenyewe, uwezekano wa binadamu kucheza hivyo ulikuwa 1 kati ya 10,000. Ilishinda mchezo huo, na pambano zima kwa 4-1. Anayesema mashine inarudia tu tulichoipa ana kazi ya kuieleza hatua hiyo.

Upande wa pili, mfikirie Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuifikisha ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya Ulaya. Muziki wa Wagogo, pamoja na ngoma ya muheme inayopigwa na wanawake, haukukaa vitabuni. Ulipita kwa sikio na mkono. Iombe programu ikutungie wimbo wa Kigogo uone inavyobabaika. Hilo, hata hivyo, ni upungufu wa data tu. Mtoto aliyekulia Berlin naye haijui ilimba, na hatumwiti asiye na ubunifu. Tofauti ninayoiona iko kwingine: Zawose alikuwa na watu wa kuwaimbia na jambo la kuwaambia. AlphaGo haikujua hata kwamba imeshinda.

Swali la maadili ndilo linalonikosesha usingizi, nalo halisubiri tumalize la roho. Watetezi wa mashine wana hoja ambayo Mtanzania anaielewa bila kufafanuliwa: mashine haiombi ya soda, haina shemeji kwenye orodha ya waombaji, haiulizi jina lako la ukoo ni la wapi. Ndiyo maana wengi wetu tulifurahi malipo ya serikali yalipohamia kwenye mitandao.

Sasa angalia Uholanzi. Mamlaka ya kodi ya huko ilitumia mfumo wa kompyuta kuwabaini wazazi walioshukiwa kudanganya katika posho za malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulihesabiwa miongoni mwa dalili za hatari. Maelfu ya familia zilidaiwa fedha zisizostahili kudaiwa, nyingine zilifilisika. Serikali ya waziri mkuu wa wakati huo, Mark Rutte, ilijiuzulu Januari 2021. Mfumo ule haukuwachukia wageni. Haukuwa na chuki wala huruma, na madhara yakatokea vilevile, kwa sababu watu waliokuwa na huruma waliacha kuitumia.

Dodoma ni mji wa ofisi, na ugonjwa huo tunaujua. Umefika dirishani na bahasha yako ya vyeti, dada wa mapokezi anabofya, anabofya tena, kisha bila kuinua macho: "Mfumo umekataa." Umekataa kwa nini? "Hausemi." Nimuone nani? "Ni mfumo, kaka." Hapo hakuna akili mnemba, ni fomu ya kawaida tu, na tayari hakuna mtu wa kujibu. Ongeza programu inayopima na kuamua, ambayo hata aliyeiunda hawezi kueleza kila hatua yake, na kisingizio kitakuwa kimepata elimu ya juu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa na Bunge hapahapa Dodoma mwaka 2022, inagusa jambo hili: inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomhusu usitokane na mashine peke yake. Ni kifungu kizuri. Lakini ili mtu aitumie haki hiyo, lazima kwanza aambiwe kwamba mashine ndiyo iliyoamua, na apewe jina la afisa wa kupokea malalamiko yake. Dirishani, huku foleni ikisukuma nyuma yako, hayo mawili huyapati.