Baba Nasra, unapanda au unashuka?

Jamani ivi kuna ugonjwa usio na heshima kama wa kisigino? Mtu akivunjika mguu anafungwa P.O.P, watu wanamletea machungwa na juisi, bosi mwenyewe anapiga simu. Mi kilichoniuma ni ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, hauvimbi wa kuonekana, haufungwi kitu, nikilalamika ofisini naambiwa "si ubadilishe viatu".

Na wala sikuumia kishujaa. Mwezi mzima wa Ramadhani sikukimbia hata kufukuza daladala, siku ya pili ya Idi nikajitia kidume nikapiga kilomita 15 kwa mkupuo, pilau halijashuka vizuri. Kesho yake nimetoka kitandani natembea kama bibi harusi anaingia ukumbini, hatua moja, simama, hatua nyingine, simama, bado MC tu aseme makofi kwa maharusi.

Dawa zikaanza kumiminika. Shemeji kaja na mafuta ya nyonyo, jirani kasema mafuta ya simba ndo kiboko, sijui huyo simba nani alimkamua. Mwisho nikaenda kwa mtu wa fiziotherapia, akaniminya hapo nyuma nikaruka, akacheka, akaniambia kwanza ndala marufuku (mtu wa Dar asivae ndala!), pili dawa yangu ni ngazi. Ndio, ngazi. Unasimama ukingoni kwa vidole, kisigino kinaning'inia, unakishusha polepole na mguu mbovu, unapandia mguu mzima, mara 15, mizunguko mitatu, halafu unarudia yote goti umelikunja, asubuhi na jioni, wiki 12. Piga hesabu mwenyewe, ni mara 180 kwa siku. Eti mazoezi haya ni ya daktari wa Sweden anaitwa Håkan Alfredson, kisigino chake mwenyewe kilimsumbua, akaomba apasuliwe bosi wake akakataa, basi kwa hasira akaanza kukitesa makusudi kikatike kabisa ili wakubali, badala ya kukatika kikapona. Mwaka 1998 akawatangazia madaktari wenzake. Yaani mi natibiwa kwa kisirani cha Mzungu wa watu.

Sasa mi nakaa Sinza, ghorofa ya pili, ngazi ni za wapangaji wote, na pale chini mama Zawadi anauza uji na vitumbua. Siku ya kwanza kaniangalia weee, nashuka nusu hatua, napanda nusu hatua, uvumilivu ukamshinda. "Baba Nasra, unapanda au unashuka?" Nikamwambia vyote mama. Wiki ya tatu watoto wa ghorofa zote wanakaa kwenye ngazi kunihesabia kwa sauti, na wana roho mbaya, wakifika thelathini na tisa wanarudi thelathini. Wiki ya tano nikasikia mpaka kwa mangi wanasema mama Nasra kanifungia nje.

Basi wiki 12 zikaisha, nikaongeza nyingine kwa woga, nikaanza kukimbia dakika moja kutembea dakika moja kama gari yenye mafuta machafu, mpaka nikajiandikisha kashindano kadogo tu, kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia 5. Mama Nasra kaniona nimevaa ile nguo ya kubana ya mashindano, kitambi cha miezi yote kimejichora, akasema kwa upole "chukua na kanga".

Tangazo lilisema saa kumi na mbili kamili asubuhi. Tumeanza saa mbili! Na siku yenyewe bamvua, bahari haijui kusubiri spika zifungwe. Mvuvi mmoja kapita na ndoo yake akatushangaa, "nyie, maji yanakupwa hayo, mnaenda kuogelea wapi?" Hakuna aliyemjibu. Nadhani mita 400 nimeogelea kweli, zilizobaki maji yapo magotini, tunatembea kwenye mawe na vile vidude vya miiba tumevaa miwani ya kuogelea kama vyura waliofukuzwa bwawani.

Baiskeli sina la kusema, upepo usoni, baiskeli yangu ya mtumba inalia kama mlango wa choo. Ila kuna binti mmoja wakati ananipita akanisalimia shikamoo. Shikamoo! Bora angenitusi.

Sasa ukishuka kwenye baiskeli miguu inakuwa ya mtu mwingine, kichwa kinasema kimbia yenyewe bado inatafuta pedeli, na mi akili yote ipo kisiginoni, nakisikiliza kama mtoto mchanga usiku, kikilia nina wasiwasi, kikinyamaza nina wasiwasi zaidi. Ndo maana sikujua kama helmeti bado iko kichwani. Nimekimbia nayo karibu kilomita nzima mpaka dogo mmoja wa muuza madafu akapiga kelele, "oya boda, pikipiki wamekamata?" Kijiwe kizima kikacheka, mmoja akaniambia nikawaone trafiki mapema kabla faini haijapanda.

Nimemaliza. Wa ngapi tusiulizane, nimekuta wanakunja maturubai na soda zimebaki za moto.

Jumatatu asubuhi kisigino hakiumi hata chembe, wallahi. Mapaja sasa! Kukaa chooni tu nimeshika ndoo. Nikafika kwenye ngazi nimevaa tai, begi la kazini mgongoni, nikaona kushuka kwa mbele haiwezekani, nikageuka, nikashika chuma, nikaanza kuteremka kinyumenyume kama mtu anaingia kisimani. Mama Zawadi anamimina uji, akaona mgongo unamjia.

"Baba Nasra, leo unapanda au..." Akanyamaza mwenyewe. Akafunga vitumbua viwili kwenye gazeti, akanisogezea. "Chukua tu, utalipa ukipona."