Ukungu wa nini, na bamvua ipo?

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anadai riwaya ya siri za pwani haikolei bila ukungu, majabali na mnara wa taa. Hiyo ni pwani ya Uingereza. Sisi wa Nairobi ukungu tunaujua wa Limuru. Lamu au Watamu kinachotisha ni jua la saa saba mchana, madirisha yamefungwa, mtaa mzima kimya.

Na siri zilizofukiwa? Magofu ya Gede yapo pale karibu na Watamu. Mji wa mawe, una msikiti, kasri na visima, na kufikia karne ya 17 ukawa mahame. Kwa nini watu waliondoka, wataalamu bado wanabishana: visima kukauka, mashambulizi, au yote. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba 1948 alikuta hadi kaure za Uchina. Mtunzi anataka apewe nini tena?

Halafu bamvua, yaani siku za maji makuu ya bahari (hapa ndipo makala yameniudhi, hayaitaji kabisa). Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali, miamba ikabaki wazi, kisha yanajaa kwa zaidi ya mita 3. Mwuaji mgeni atazamisha mzigo wake siku ya maji mafu, yasipopwa wala kujaa sana, na wiki inayofuata umelala mwambani peupe. Mpelelezi hapo amtafute mvuvi mzee, maabara baadaye.

Sababu ya kuua nayo isitafutwe mbali, migogoro ya hati za mashamba Kilifi na Kwale ipo tele. Majini na mapepo tuyape likizo kidogo.