Homa ya ini C: tuiachie kinga ya mwili, au tuiwahi kwa dawa?

Vijiweni Ngamiani, hapa Tanga, ikitajwa homa ya ini C hukosi kumsikia mtu akisema: "Mwili wenyewe unaimaliza. Mbona fulani alipona bila dawa?" Kauli hiyo si ya kubezwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu 100 walioambukizwa, kama 30 huondokewa na kirusi ndani ya miezi 6 bila tiba yoyote.

Wanaopona hivyo huokolewa hasa na seli T, askari wa kinga waliomo kwenye damu, na za aina mbili ndizo zinazotuhusu: CD8 na CD4. CD8 huzitambua seli za ini zilizovamiwa na kuziua, au humwaga intaferoni gama, protini ya kinga inayokidhoofisha kirusi bila kuiangamiza seli yenyewe. CD4 kazi yao ni kusaidia, na msaada huo si mdogo. Mwaka 2003 watafiti walitumia sokwe waliokwisha kupona maambukizi ya awali, wakawaambukiza tena. Waliopunguziwa CD8 hawakukidhibiti kirusi mpaka seli hizo ziliporudi. Waliopunguziwa CD4 walibaki nacho, kikajigeuza na kuzikwepa CD8 zilizokuwapo.

Tatizo ni kuchelewa. Kirusi huonekana kwenye damu wiki 1 au 2 baada ya kuingia. Seli T husubiri wiki 4 hadi 8, pengine zaidi. Kwa kuwa kirusi hukosea kila kinapojinakili, seli hizo zinapofika hukuta sura nyingi za adui mmoja. Basi hiki si mgeni wa waja leo waondoka leo. Seli T zinazochokozwa mfululizo kwa miezi na miaka huchoka: hujaa protini ya PD-1 inayofanya kazi ya breki, hupunguza silaha zake, na mwishowe zipo tu, hazidhuru kitu.

Wengi huuona uchovu huo kuwa hasara tupu. Mimi sikubali moja kwa moja. Kirusi cha C chenyewe hakiui sana seli za ini. Sehemu kubwa ya madhara huletwa na kinga inayokipiga. Seli T zingeendelea kuua kwa kasi ile ya mwanzo, ini lingeumia mapema zaidi. Zikilegea, mtu huishi miaka bila dalili, huku makovu yakijijenga polepole: kati ya wagonjwa sugu 100, 15 hadi 30 hupata sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, ndani ya miaka 20. Ni suluhu mbaya, lakini ni suluhu.

Dawa za sasa, kama sofosbuvir na wenzake, haziingii kwenye mvutano huo. Hukizuia kirusi kujinakili, na vidonge vya wiki 12 hadi 24 huponya zaidi ya watu 95 kwa 100. Anayetaka tusubiri atasema tusitumie fedha kwa mtu ambaye angepona mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito kwenye daftari la mhasibu. Kwa kijana anayejidunga dawa za kulevya na kuazimana sindano na wenzake, miezi 6 ya kusubiri ni miezi 6 ya kuambukiza.

Hata hivyo dawa ina pengo lake, na watetezi wake huliruka. Kirusi kikiondoka, seli T zilizochoka hurudiwa na nguvu kiasi tu, na aliyepona anaweza kuambukizwa tena kwa sindano ileile. Waliopona wenyewe, wakiambukizwa upya, mara nyingi hukiondoa tena. Ndiyo maana chanjo bado inatafutwa, ingawa njia yake ni ngumu: jaribio la watu 548 wanaojidunga huko Marekani, lililotolewa matokeo mwaka 2021, liliamsha seli T kwa asilimia 78 ya waliochanjwa, lakini waliobaki na maambukizi sugu walikuwa 14 kila upande, wa chanjo na wa chanjo bandia.

Kwa hiyo nachagua dawa mapema, pamoja na sindano safi na methadoni, dawa ya kunywa badala ya heroini, ambayo Tanga inayo. Na yule fulani aliyepona bila dawa? Kipimo cha kingamwili, protini ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya kirusi, kitaendelea kumwonyesha ana alama ya C hata kirusi kikiwa kimeshaondoka. Kinachojibu kama kimeondoka kweli ni kipimo cha RNA, kinachotafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe, na wengi wanaosema wamepona hawajawahi kukifanya.