Mkufunzi wa mtandaoni aanze yeye kuzungumza

Wapo wanaoona kwamba kumfuata mwanafunzi wa mtandaoni kwa ujumbe ni kumdekeza. Video zipo, maelezo yapo, baruapepe ya mkufunzi inajulikana. Mwenye shida si aulize? Hoja hii ina uzito. Wengi huchagua kozi hizi ili wasome usiku baada ya kazi, bila kuandamwa. Mtafiti Terry Anderson naye alieleza mwaka 2003 kwamba mtu anaweza kujifunza kwa kina ikiwa uhusiano mmoja tu ni wa nguvu, uwe na mwalimu, na wenzake au na maudhui yenyewe.

Lakini "mwenye shida aulize" humfaa zaidi anayejua kuuliza. Aliyekwama kweli mara nyingi hajui amekwama wapi, na anayejua huona haya. Darasani mwalimu humsoma usoni. Mtandaoni kamera zimezimwa, mkufunzi anauliza, "Kuna swali?", kimya kinapita, anaaga akiamini wameelewa. Angesema, "Kila mmoja aandike mstari mmoja: katika mfano wa pili, hatua ipi imekusumbua?" angepata majibu, kwa sababu hapo kutoelewa kumeshahesabiwa kuwa jambo la kawaida.

Takwimu moja hainitoki akilini. Uchambuzi wa kozi za wazi za vyuo vikuu vya MIT na Harvard vya Marekani kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science, ulionyesha kwamba mwaka wa masomo 2017–18 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya walioshiriki. Watetezi hujibu kuwa wengi waliingia kuchungulia tu, na ni kweli. Basi tuwaache hao, tuwatazame waliolipia cheti: kati yao waliomaliza ni asilimia 46. Hawa walitoa fedha zao, walikusudia kufika mwisho, na bado zaidi ya nusu waliishia njiani. Sisemi wote waliangushwa na ukimya wa wakufunzi. Kazi na maradhi hukatiza masomo ya watu kila siku. Ila kozi hizo ziliundwa ili mwalimu mmoja afikie maelfu, na katika maelfu hakuna wa kugundua kwamba wewe umetoweka.

Kuhusu mzigo wa kazi, wakufunzi wanalalamika kwa haki. Mwenye wanafunzi mia tatu hawezi kumwandikia kila mmoja, wala hahitaji. Mfumo wa masomo humwonyesha nani hajaingia wiki nzima na nani hajawasilisha zoezi la kwanza. Hao ndio wa kuandikiwa, kwa jina, mistari miwili: "Sijaona zoezi lako. Umekwama wapi?"

Marekani wameliweka hili kwenye kanuni. Tangu Julai 2021, kozi ya masafa inayotegemea misaada ya serikali kuu kwa wanafunzi lazima iwe na mkufunzi anayefuatilia maendeleo yao na kuwafikia mapema panapohitajika, bila kungoja kuombwa. Vyuo vingine navyo vinaweza kudai hivyo, mradi saa za kuandika jumbe hizo zihesabiwe na kulipwa kama saa za kufundisha.