Tulisameheana Lini?

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu makumbusho, pale Museum Hill. Ana miaka 11 na shuleni wameambiwa waandike kuhusu shujaa mmoja wa uhuru. Tulipofika kwenye historia ya Mau Mau, waliopigana na mkoloni Mwingereza, alisimama mbele ya picha ya wanaume waliochuchumaa, mikono kichwani, askari wamewasimamia na bunduki. Kando yetu alikuwepo baba mmoja na mwanawe. Mtoto akauliza wale watu walikuwa wamefanya nini. Baba akamjibu kwa upole, "Hayo yalipita, kijana. Tulishasameheana." Kisha wakaelekea kwenye chumba cha ndege waliokaushwa.

Mimi sikuweza kuondoka. Neno lile nilitoka nalo, nikapanda nalo matatu ya Githurai, na leo ni Jumatano bado limenikwama kooni. Tulisameheana lini? Nani alimwomba nani msamaha, na mbele ya mashahidi gani?

Yule baba sina ugomvi naye. Alisema tulichofundishwa sote. Agosti 1963 Mzee Kenyatta alikwenda Nakuru akawaambia walowezi kwamba ya kale yasamehewe na yasahauliwe, wakae wajenge nchi. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba huenda maneno yale yalituepusha na damu nyingine. Kule Murang'a na Nyeri aliyetoka kizuizini na aliyekuwa mlinzi wa mkoloni walichota maji mto mmoja. Kila mtu angedai deni lake kwa panga, tungebaki wangapi? Lakini tuliambiwa tusahau kabla hatujaambizana ni nini hasa kilichotokea, na walioambiwa wasahau kwa nguvu zaidi ni wale waliorudi nyumbani wakakuta hawana shamba.

Naandika haya kwa sababu pande zote mbili zimo damuni mwangu.

Baba yake baba alikuwa seremala hapa Nairobi, akiishi mtaa wa Bahati. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji huu, katika msako ambao Waingereza waliupa jina la Anvil, yaani fuawe ya mhunzi. Mtaa baada ya mtaa Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumbani na kupangwa foleni. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini. Guka, yaani babu huyo, alipitishwa mbele ya gakunia. Kwa asiyekulia nyumba kama yetu, huyo ni mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani hadi miguuni, lenye matundu mawili ya macho. Ukipita mbele yake akatikisa kichwa, umekwisha. Aliyemtazama guka alitikisa. Guka akapelekwa kambi ya kizuizi ya Langata, kisha ya Manyani, na hakuonekana kijijini hadi 1959.

Hicho kijiji chenyewe hakikuwapo alipoondoka. Shosho, mkewe guka, na wenzake walikuwa wametolewa kwenye maboma yao, nyumba zikachomwa, wakarundikwa mahali pamoja kuzungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Handaki hilo walilichimba wenyewe, wanawake, wakisimamiwa. Zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati waliishi hivyo. Shosho hadi leo akiona jembe la mpini mrefu hunyamaza kidogo.

Wakati wanaume wako kambini, ardhi ilikusanywa na kupimwa upya. Kamati za wazee waaminifu kwa serikali zilikaa zikaamua nani anamiliki nini. Aliye Manyani angesemea wapi? Guka alirudi na kukuta shamba la baba yake, lile la tambarare karibu na barabara, lina jina la mtu mwingine kwenye daftari. Yeye akapewa mteremko wa mawe juu ya mto. Baba yangu alizaliwa kwenye mteremko huo, na migomba yetu mpaka sasa iko hapo hapo, imeinama.

Baba yake mama naye alikuwa ngati, mlinzi wa upande wa serikali ya mkoloni. Alilinda kile kijiji akiwa na mkuki, baadaye bunduki. Alikuwa na cheti cha uaminifu, kilichompa haki ya kupiga kura 1958, jambo ambalo mtu kama guka wa upande wa pili hakuliota. Nilimpenda sana. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa. Mtu akiniambia alikuwa msaliti tu, nitamwambia pia kuhusu Lari, usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wanawake na watoto walipochomwa ndani ya nyumba na watu waliokula kiapo cha Mau Mau. Guka huyu alikuwa na jamaa kule, na alichagua upande akiwa na kilio kifuani. Hilo nalo liwekwe ukutani, kwa herufi kubwa kama za Hola, kambi ambako wafungwa walipigwa na walinzi hadi kufa.

Mwaka 1983 wazee hawa wawili walikutana kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya wazazi wangu. Shosho amenisimulia mara nyingi. Mbuzi alichinjwa, viungo vikagawanywa kwa utaratibu wake, na ilipofika zamu ya pembe ya muratina, pombe yetu ya kienyeji, uwanja wote ulinyamaza. Ngati aliishika kwa mikono miwili akamnyooshea mfungwa wa Manyani. Akakaa hivyo, mikono ikitetemeka kidogo, muda ambao shosho anasema ungetosha kuchemsha chai. Guka akaipokea. Akanywa. Wakazungumza habari za mvua.

Nilimuuliza shosho kama huko ndiko kusameheana. Akasema, "Angefanya nini? Mtoto alikuwa ameshampenda mtoto."

Naiheshimu ile pembe kuliko hotuba zote za Mashujaa Dei nilizowahi kusikia. Hata hivyo wale wazee walikufa bila mmoja kumwambia mwenzake neno moja kuhusu miaka ile, na shamba la tambarare halikurudi. Familia ilibeba peke yake mzigo ambao serikali ilikataa kuugusa. Chama cha Mau Mau kilibaki haramu kisheria hadi 2003, miaka 40 ndani ya uhuru! Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na mkewe Mukami aliomba mifupa yake hadi alipofariki 2023. Sanamu tumemchongea, iko mjini kwenye barabara yenye jina lake. Kaburi hatujampa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Ikulu Mei 2013, imejaa mambo ya ardhi tangu ukoloni, na Bunge halijaipitisha.

Mwezi uliofuata ripoti hiyo, Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa, pauni milioni 19.9, ikasema inasikitika. Fedha kidogo, zilizochelewa, na baada ya kushtakiwa. Lakini walau wao kuna siku walisimama bungeni kwao wakakiri kwamba watu waliteswa. Siku ya sisi kuambizana wenyewe kwa wenyewe ni ipi?

Tukiwa kwenye matatu mpwa wangu aliniuliza, "Anti, guka wetu alikuwa wa upande gani?" Nikamwambia walikuwa wawili, na nikamweleza vyote, pamoja na shamba. Alikaa kimya hadi Roysambu. Kisha akauliza yule wa kwenye gunia alikuwa nani.

Shosho anajua. Nimelitambua hilo tangu utotoni, kwa jinsi anavyokatiza habari akifika hapo na kuomba maji. Ni mtu wa kijijini kwetu, na wajukuu wake bila shaka nimecheza nao, pengine mmoja nimesoma naye. Jumapili tunaenda Murang'a, mimi na mtoto. Shosho amepita miaka 90 na masikio yanaanza kumwacha. Nitabeba simu nimrekodi, nimuulize jina hilo, halafu nimuulize kama ana ruhusa ya kunipa ya kwenda kubisha kwenye mlango ule.